HPV kinywani: Kwa nini wanaoishi na virusi vya Ukimwi wanahitaji tahadhari zaidi

WENGI wanapolisikia jina HPV, fikra zao huelekea moja kwa moja kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Ni wachache wanaofahamu kwamba virusi hivyo huweza pia kukaa kinywani na kooni, kwa wanaume na wanawake, na kwamba watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi huvipata mara nyingi zaidi kuliko wenzao.

Kwa nini hali iwe hivyo, ilhali haya ni maambukizi mawili tofauti?

HPV ni jamii ya virusi vyenye aina zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa, na baadhi husababisha chunjua kwenye ngozi, midomo au sehemu za siri. Aina chache ndizo huleta saratani, na iliyo hatari kuliko zote ni HPV 16. Aina hiyo na HPV 18 ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya visa vya saratani ya mlango wa kizazi duniani. HPV 16 vilevile ndiyo hupatikana katika visa vingi vya saratani ya koo itokanayo na virusi hivi, hasa kwenye tonsili na shina la ulimi.

Virusi hivi huingia kinywani hasa kupitia ngono ya mdomo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007, uliowahusisha wagonjwa 100 wa saratani ya koo mjini Baltimore, Marekani, ulipata HPV 16 katika asilimia 72 ya uvimbe uliopimwa. Kadiri idadi ya wapenzi ilivyozidi, ndivyo hatari ilivyoongezeka.

Uchunguzi mwingine nchini humo, wa miaka ya 2009 na 2010, uliwashirikisha watu 5,579 waliosukutua kwa sekunde 30 na kutema maji ya kupimwa. Asilimia 6.9 walikuwa na HPV kinywani: asilimia 10.1 ya wanaume na 3.6 ya wanawake. Wenye HPV 16 walikuwa asilimia moja tu.

Kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, tafiti za kulinganisha zimeonyesha tena na tena viwango vya juu zaidi. Sababu moja ni kwamba virusi vyote viwili huenezwa kwa ngono. Ya pili, iliyo nzito zaidi, ni kinga ya mwili. Mtu mwenye kinga timamu kwa kawaida huvifukuza virusi vya HPV ndani ya mwaka mmoja au miwili bila hata kujua. Lakini seli za CD4, ambazo huongoza vita hivyo, ndizo zinazoshambuliwa na virusi vya Ukimwi. Zinapopungua, HPV hupata mwanya wa kukaa muda mrefu, na ni ukaaji huo ambao baada ya miaka mingi huweza kuzaa saratani.

Je, dawa za kupunguza makali ya Ukimwi haziwezi kuondoa tatizo hili? Hapa ndipo penye fumbo. Mwaka wa 2001, watafiti wa San Francisco waliripoti kwamba ingawa magonjwa mengine ya kinywa yalipungua baada ya dawa hizo kuanza kutumiwa, chunjua za kinywani ziliongezeka. Dawa huokoa maisha na hazipaswi kuachwa hata siku moja, lakini haziui HPV.

Ifahamike kwamba kuwa na HPV kinywani si sawa na kuwa na saratani. Walio wengi hawataugua kamwe. Hata hivyo, uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe huongeza hatari ya saratani ya koo.

Kinga ipo. Kenya ilianzisha chanjo ya HPV kwa wasichana wa umri wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Nchini Costa Rica, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba wanawake waliochanjwa walikuwa na maambukizi machache mno ya HPV 16 na 18 kinywani, pungufu kwa zaidi ya asilimia 90 wakilinganishwa na wasiochanjwa.

Mzazi ajue jambo hili: mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema dozi moja yaweza kuwatosha wasichana wengi, lakini mwenye virusi vya Ukimwi apewe angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Mzazi wa mtoto wa aina hiyo anayenyamaza kwa kuogopa aibu humnyima mwanawe kinga kamili. Na amweleze muuguzi mapema, kwani chanjo haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia.

Hakuna kipimo kilichoidhinishwa cha kuchunguza umma kama kilivyo kile cha mlango wa kizazi. Kwa hivyo, uvimbe shingoni, kidonda cha koo kisichopona, maumivu ya kumeza au ya sikio moja, au sauti iliyobadilika kwa zaidi ya wiki tatu, yasipuuzwe. Anayekwenda kliniki kuchukua dawa zake na aombe pia kinywa na koo vikaguliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.