Haki ya Kujitetea na Mpaka Wake

Kila mtu ajua ya kuwa kumpiga mwenziwe ni kosa. Tena kila mtu ajua ya kuwa anayeshambuliwa ana haki ya kujitetea. Lakini haki hiyo yaanzia wapi, na yaishia wapi? Hapo ndipo wengi wapoteapo njia, na wengine wamefungwa gerezani huku wakiamini ya kuwa hawakutenda kosa lo lote. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe.

Na tuseme kwamba ni usiku wa manane. Mbwa abweka, na mwenye boma atoka nje na rungu lake. Amkuta mtu zizini, amekwisha kumfungua mbuzi mmoja. Mtu yule ainua panga na kumjia. Mwenye boma ampiga rungu la mkono. Panga laanguka, na mwizi naye aanguka. Mayowe yapigwa, majirani waja mbio. Sasa mwizi amelala chini, hana silaha, aomba asamehewe. Mmoja ampiga teke, wa pili ampiga jiwe, na mwenye boma, ambaye hasira haijampoa, ampiga rungu la kichwa. Kabla ya mapambazuko mtu yule amekufa.

Je, mwenye boma ana kosa? Kwa pigo la kwanza, hana. Kwa pigo la pili, analo, tena kubwa. Kati ya mapigo hayo mawili huenda haikupita hata dakika moja, wala mwizi hakugeuka kuwa mtu mwema. Kilichobadilika ni kimoja tu: hatari ilikuwa imekwisha.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambayo ilianza kutumika mwaka 1930, yasema katika kifungu cha 17 kwamba neno la kutumia nguvu ili kulinda mwili au mali liamuliwe kwa kanuni za kale za sheria ya Kiingereza, ambazo mahakimu walizijenga kwa hukumu zao. Kanuni hizo huuliza maswali mawili. Kwanza, je, ilikuwa lazima kutumia nguvu? Pili, je, nguvu zile zililingana na hatari iliyokuwapo? Mtu ajaye na panga aweza kuzuiwa kwa rungu. Mtoto aliyeiba mahindi mawili hawezi kukatwa kwa panga, na mwenye shamba akasema kwamba alikuwa akilinda mali yake.

Lakini sheria haimtaki mtu aliye hatarini apime pigo lake kama mwenye duka apimavyo sukari. Mwaka 1971 Baraza la Faragha la Malkia, lililoketi London, lilisikiliza rufani ya Palmer kutoka Jamaika. Lilieleza kwamba mtu aliyeshambuliwa hawezi kukadiria kwa uhalisi kabisa nguvu zinazomtosha. Akiwa ametenda lile tu ambalo kwa moyo mweupe aliliona la lazima saa ile, jambo hilo ni ushahidi mkubwa wa kumtetea. Mahakama za Kenya zimeitegemea hukumu hiyo mara nyingi. Tena, mshtakiwa akisema kwamba alijitetea, na ushahidi ukionyesha dalili zake, si kazi yake kuthibitisha. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuonyesha pasipo shaka kwamba hakujitetea.

Haki hiyo ni ya kumlinda mwingine pia. Ukimwona jirani akipigwa, waweza kumwokoa kwa nguvu zinazohitajiwa, wala si zaidi.

Na wale majirani? Watu hudhani kwamba kosa la wengi halina mwenyewe. Sivyo. Kifungu cha 21 chasema kwamba watu wakiungana kwa nia moja kutenda jambo lisilo halali, kosa litokanalo na nia hiyo huhesabiwa kuwa la kila mmoja wao. Aliyepiga teke na aliyerusha jiwe wote waweza kushtakiwa kwa mauaji, hata ikiwa haijulikani ni pigo gani lililomwua. Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini usiku wa mwizi, mara nyingi neno huharibika penye wengi.

Waliyopaswa kufanya si magumu. Sheria yamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa, kama wizi wa mifugo. Aweza kumshika, na hata kumfunga kamba ikiwa hakuna njia nyingine ya kumzuia asitoroke. Kisha apaswa kumtia mikononi mwa askari polisi, au kumpeleka stesheni iliyo karibu, bila kukawia. Adhabu ni kazi ya mahakama.

Yafaa pia kujua makosa ya kushambulia yalivyopangwa. Shambulio la kawaida, ambalo huenda halikuacha hata alama, laweza kumpatia mtu kifungo cha mwaka mmoja. Hata kumwinulia mtu panga hata aogope kupigwa papo hapo kwaweza kuwa shambulio. Shambulio lililoleta madhara ya mwili, kama uvimbe na michubuko, lina kifungo kifikacho miaka 5. Na mtu akimpofusha mwenziwe jicho, au akimwachia kovu baya la kudumu usoni, hayo ni madhara makubwa, na kifungo chaweza kuwa cha maisha.

Wengine husema, “Alinitukana.” Matusi si pigo, wala hayajibiwi kwa pigo. Uchokozi waweza kumfanya hakimu apunguze adhabu. Katika kesi ya mauaji waweza kuligeuza kosa kuwa la kuua bila kukusudia, iwapo mtu alitenda kabla hasira yake haijapata nafasi ya kupoa. Lakini haulifuti kosa.

Ikiwa wewe ndiwe uliyepigwa, usikusanye ndugu zako kwenda kulipiza, maana kulipiza si kujitetea. Piga ripoti stesheni ya polisi upesi, uombe fomu ya P3, na uende hospitali ili daktari aandike majeraha yako kabla hayajapona. Neno likiwa dogo, mahakama yenyewe yaweza kuwapatanisha, na aliyekosa akalipa fidia.

Basi mwenye boma alikuwa na haki mkononi mwake wakati panga lilipoinuliwa. Aliipoteza panga lilipokuwa chini. Yeyote ashikaye rungu usiku na ajiulize neno moja kabla ya kulishusha tena: je, mtu huyu bado aweza kunidhuru? Akiwa hawezi, rungu na liwekwe chini, na polisi waitwe.