Mbwa, Ndege na Baridi ya Norfolk

Akina mama waliowahi kuishi Uingereza wanajua kwamba adui wa mwezi Desemba si theluji. Theluji huanguka mara chache katika sehemu za kusini na mashariki, nayo ikianguka watoto hufurahi. Adui ni giza. Tarehe 21 Desemba jua la London huchomoza saa mbili na dakika chache asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuzama. Mama aliyezoea mchana wa saa kumi na mbili anapewa mchana usiofika saa nane, na mara nyingi hata huo umefunikwa na mawingu. Anawapeleka watoto shuleni katika ukungu, anawarudisha kunaanza kuwa giza, na katikati ya hapo yuko peke yake ndani. Wengi wetu tuliomfuata mume masomoni au kazini tumepitia hayo. Mwili huwa mzito, usingizi hauishi, na neno dogo la mume hugeuka kuwa ugomvi wa siku mbili.

Sisi tunaoandika makala haya ni akina mama watatu, wawili kutoka Tanzania na mmoja kutoka Kenya, tunaoishi katika kijiji kimoja cha Norfolk, mashariki ya Uingereza. Kilichotutoa ndani ni mbwa wa jirani. Mwenyewe ni bibi mjane ambaye alifanyiwa upasuaji wa goti, akawa anatafuta mtu wa kumtembezea mbwa wake mpaka apone. Kwetu mbwa ni mlinzi. Hulala nje, hula makombo, na usiku hufunguliwa azunguke uani. Habari ya kumvisha ukanda na kwenda naye matembezi kama mtoto ilituchekesha sana. Mwenzetu mmoja alisema, "Mama yangu akiniona hivi, atadhani nimerogwa." Lakini mbwa hana habari ya giza wala manyunyu. Saa tatu asubuhi amesimama mlangoni anakutazama, na ukishatoka umetoka. Goti la bibi lilipona zamani, na sisi bado tunampitia mbwa wake.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni njia. Katika Uingereza na Wales kuna njia za umma zinazofikia kiasi cha kilomita 225,000, na nyingi hupita katikati ya mashamba ya watu. Sheria inamruhusu yeyote kupita, mradi asiache njia. Mkulima hawezi kukufukuza, wala huna haja ya kupiga hodi. Kibao kidogo chenye mshale kinakuonyesha pa kuingilia, nawe unapita kando ya ua wa miti, unavuka kijito, unatokea nyuma ya kanisa la kijiji jirani.

Mavazi ni jambo la maana kuliko wengi wanavyodhani. Mabuti ya mpira, soksi nene, nguo kadhaa nyepesi moja juu ya nyingine badala ya koti moja zito, na kofia inayofunika masikio. Suruali ya jinzi haifai kabisa. Ikilowa hubaki imelowa mpaka jioni. Na kuna jambo jingine linalotuhusu hasa sisi wenye ngozi nyeusi. Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua la huko halina nguvu ya kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo mifupa na misuli huihitaji. Idara ya afya ya huko inamshauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo, na watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Matembezi hayaondoi haja ya kidonge hicho. Mama mjamzito au anayenyonyesha azungumze na mkunga wake.

Sasa tuje kwa ndege, maana ndio waliotufanya tuendelee hata siku ambazo mbwa mwenyewe angekubali kubaki ndani.

Sisi tulidhani kwamba wakati wa baridi ndege wote hukimbilia kwetu Afrika. Kumbe nusu ya habari ndiyo hiyo. Mbayuwayu huondoka, ndiyo. Mwaka 1911 mtu mmoja wa Staffordshire, John Masefield, alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni, na mwezi Desemba 1912 ndege yuleyule akakamatwa katika nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Hapo ndipo watu walipopata uthibitisho wa safari hiyo. Kekeo naye, yule anayetaga katika viota vya wenzake, hupita siku zake za baridi katika misitu ya bonde la Kongo. Lakini kwa ndege wa kaskazini ya mbali, kwenye barafu ya Greenland na Aislandi, Norfolk ni nchi ya joto! Wao huja huko kama hao wengine wanavyokuja kwetu.

Wageni wakubwa ni mabata bukini wenye miguu ya rangi ya waridi. Hufika kuanzia Septemba na Oktoba. Usiku hulala kwenye matope ya ghuba ya Wash, mahali ambapo mbweha hawafiki kwa urahisi, na alfajiri huruka kwa maelfu kuelekea mashambani, kula majani na vichwa vya viazisukari vilivyoachwa baada ya mavuno. Utawasikia kabla ya kuwaona. Ni kelele kama ya watu wanaokwenda mnadani, kila mmoja anazungumza na hakuna anayesikiliza. Kisha mistari yao inatokea, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka anga lote limechorwa. Watoto wetu, ambao kwa kawaida hatuwezi kuwaamsha, siku hiyo huamka wenyewe.

Bundi tulihitaji muda kumzoea. Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu huulizana nani mgonjwa. Huko bundi mweupe wa maghalani ni mpendwa wa wakulima kwa sababu hula panya wa shambani, na wakati wa baridi, njaa inapombana, hutoka kuwinda mchana kweupe. Anapita chini chini juu ya nyasi bila sauti yoyote. Mmoja wetu bado hugeuza uso.

Mdogo kuliko wote hao, lakini tunayemheshimu kupita wote, ni robin, ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa anayechorwa kwenye kadi za Krismasi. Ndege wengi wakinyamaza, yeye huimba katikati ya baridi. Na si dume peke yake. Mwisho wa msimu wa kuzaa, mume na mke huachana, kila mmoja akashika eneo lake na kulilinda kwa wimbo wake mwenyewe, hata dhidi ya mwenzake wa jana! Tuliwasimulia waume zetu habari hiyo wakati wa chakula, wakasema ni vizuri sisi si ndege.

Hapa inatupasa tuseme kwa uwazi kuhusu mbwa. Ndege wa baridi anaishi kwa hesabu. Mchana ni mfupi, naye lazima ale kiasi cha kumvusha usiku mrefu wa baridi. Wale wa pwani hesabu yao ni ngumu zaidi, kwa sababu maji yanapojaa hufunika matope yenye chakula chao, na wanabaki wamebanana kwenye ufuko wakingoja yatoke. Mbwa mmoja mchangamfu akiwakimbilia, kundi zima linaruka, linazunguka, linatua, na shibe ya asubuhi imekwisha kuchomwa bure. Akija mbwa wa pili na wa tatu, kuna ndege ambao hawataiona kesho. Mwenye mbwa husema, "Anacheza tu, hajamwuma yeyote." Ni kweli hajamwuma. Sisi tunaona ukanda wa mita mbili pwani si adhabu kwa mbwa, na tumelisema hilo kwa majirani wengine hata pale ambapo hawakufurahi.

Kuhusu mifugo, sheria haina mzaha. Katika maeneo ya wazi yaliyofunguliwa kwa umma na sheria ya mwaka 2000, mbwa lazima afungwe ukanda usiozidi mita mbili karibu na mifugo wakati wote, na kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai afungwe popote pale katika maeneo hayo, maana ndege wanaotaga chini wako kwenye viota. Wakati wa baridi kondoo wengi wana mimba, na kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuharibu, hata kama mbwa hakumgusa. Mkulima anayemkuta mbwa akishambulia kondoo wake na hana njia nyingine ya kumzuia, sheria inaweza kumlinda akimpiga risasi. Kinyesi cha mbwa nacho huokotwa kwa mfuko wa plastiki. Ndiyo, kwa mkono wako mwenyewe! Usipookota, unaweza kutozwa faini ya papo hapo. Na bwawa likiganda, mbwa akaingia juu ya barafu ikavunjika, usimfuate. Kila baada ya miaka michache mtu hufa kwa njia hiyo, na mara nyingi mbwa hutoka mwenyewe. Piga simu 999.

Ukimkuta ndege amekufa, usimguse, na mbwa asimsogelee. Homa ya mafua ya ndege ilivuma vibaya nchini humo kuanzia mwaka 2021. Katika majira ya baridi ya 2021 na 2022 iliua maelfu ya mabata bukini kwenye ghuba ya Solway, kaskazini zaidi.

Jambo moja tulilolipata kwa kuuliza uliza tunataka kila mama alijue. Chama kikubwa cha kuhifadhi ndege cha Uingereza, RSPB, kilianzishwa na wanawake. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilikuwa fasheni kwa mabibi wa Ulaya kuvaa kofia zilizopambwa kwa manyoya, na pengine ndege mzima. Yangeyange, ambao sisi tunawaona wakifuata ng'ombe bila mtu kuwajali, jamaa zao waliuawa kwa wingi wakati wa kuzaa, kwa kuwa ndipo wanapoota yale manyoya mazuri. Makinda yakaachwa kwenye viota. Chama kikuu cha wataalamu wa ndege wakati huo hakikupokea wanawake. Basi mwaka 1889 Emily Williamson akawakusanya wenzake nyumbani kwake Didsbury, Manchester, wakaahidi kutovaa manyoya ya ndege yeyote asiyechinjwa kwa chakula, isipokuwa mbuni. Huko Croydon, Eliza Phillips alikuwa na kundi lake lenye nia hiyohiyo. Makundi hayo yakaungana mwaka 1891, yakapewa hati ya kifalme mwaka 1904, na sheria ya kuzuia uingizaji wa manyoya ikapita mwaka 1921. Miaka zaidi ya 30 ya vikao vya chai na barua. Leo yangeyange mdogo anazaa Uingereza. Kiota cha kwanza kilikuwa Dorset mwaka 1996, na siku hizi tunamwona kwenye mitaro yetu ya Norfolk hata Januari, mweupe pe, kama amepotea njia kutoka Kilombero.

Kwa mama mwenye mtoto mchanga asiyeweza kutoka, dirisha linatosha. Weka mbegu za alizeti, karanga zisizo na chumvi au wali uliopikwa bila chumvi, na sahani ya maji iliyopondwa barafu kila asubuhi. Mafuta yaliyobaki kwenye sinia ya nyama usiyaweke. Yana chumvi na hunata kwenye manyoya. Mwishoni mwa Januari kila mwaka kuna zoezi la kuhesabu ndege wa bustanini, lililoanza mwaka 1979 kama kazi ya watoto. Unakaa saa moja, unaandika idadi kubwa ya kila aina uliyoiona kwa pamoja, unaipeleka. Mwaka huu sisi tulikaa jikoni kwa bibi jirani, mbwa wake chini ya meza, tukapata aina kumi na moja. Bibi alisisitiza ni kumi na mbili, lakini yule wa mwisho aliruka kabla hatujakubaliana jina.