Kadi mpya, mbio ile ile

Sanduku la diski la chama chetu hapa Dilala linachunga madaftari ya likelemba na picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kunakili kulikuwa polepole, basi tukalitia kadi ya mtandao ya gigabiti 2,5 pahali pa ile ya gigabiti 1. Mbio haikuongezeka. Swichi yetu ilibaki ya gigabiti 1, na haipitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde.

Kabla ya kutoa feza, tuulize: swichi na ordinatere vinakubali mbio hiyo? Na kabla ya kufungua sanduku, tunakili yote kwenye diski nyingine, kisha tuchomoe umeme. Madaftari yakipotea, nani atajua zamu ya nani?