Sumbawanga ni katazo, si sifa

"Kama hakuna uchawi, mbona mji unaitwa Sumbawanga?" Swali hili huulizwa na mwanafunzi aliyepangiwa chuo, na mtumishi aliyepata barua ya uhamisho kwenda Rukwa, na mtangazaji anayetafuta cha kujazia kipindi, na kila mmoja hudhani ndiye wa kwanza kuliuliza. Wakazi wa Izia, Mazwi na Katandala hulijibu kwa uungwana. Sisi tunaoshughulika na lugha hatuna sababu ya kulipokea kwa upole, maana swali lenyewe limepinda. Linachukua jina linalokataza jambo fulani, kisha linaligeuza ushahidi kwamba jambo hilo ndiyo kazi ya wenyeji. Kosa linaanzia kwenye sarufi na kuishia kwenye hukumu dhidi ya watu.

Tuanze na sarufi. Maelezo yanayotolewa Ufipa, nyanda za Wafipa ambako mji huu upo, ni kwamba jina hili ni kauli yenye vipande viwili: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani kile kinachotupwa. Ni kitenzi cha kuamuru kikifuatwa na nomino. Muundo huu si mgeni kwa msemaji wa Kiswahili. Bagamoyo husomwa hivyo hivyo, bwaga moyo, na mdudu tunayemwita vunjajungu ameundwa kwa ufundi ule ule. Tatizo ni sikio la Kiswahili. Mtu wa Pwani akisikia "wanga" hufikiria wingi wa mwanga, yule mchawi anayetembea usiku, basi anajiundia tafsiri yake: mahali pa wanga. Lakini katika kauli hii wanga si watu. Ni kitu kilicho mkononi au mfukoni mwa mtu, anachoambiwa akitupe. Anayetafsiri "mji wa wachawi" amelifuta neno la kwanza, na neno alilolifuta ndilo lililobeba amri yote.

Je, kitu hicho kilikuwa uchawi kama tunavyouelewa leo? Hapa lugha jirani zinasaidia. Wabemba wa Zambia wana neno ubwanga, na Waluba wa Kongo wana bwanga, nalo hutaja dawa yenye nguvu: pembe iliyojazwa, kifuko, mizizi, kitu cha kuponya, cha kukinga, cha kuwindia, na pia cha kudhuru. Mchawi ana neno lake pembeni. Wabemba humwita umuloshi, ndugu wa dhahiri wa mlozi wetu. Dawa na ulozi havikuwa kitu kimoja. Ufipa yenyewe inalionyesha hilo kwenye mabaki ya matanuru yake ya kuyeyushia chuma, yale marefu ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu na kuvuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila kuvukutwa. Fundi mkuu wa tanuru alikuwa na kikapu cha dawa, na bila dawa hizo kazi haikuhesabiwa kuwa imeanza. Kwake dawa ilikuwa sehemu ya ufundi, sawa na mkaa na mawe ya chuma. Kwa hiyo anayeambiwa atupe wanga haambiwi lazima kwamba ni mchawi. Anaambiwa aache nguvu zake za siri nje, nzuri na mbaya, kabla hajaketi na wenzake.

Nikiisoma kauli hiyo hivyo, naiona ni sharti la amani, na historia ya nyanda hizi inaukubali usomaji huo. Joseph Thomson alipovuka Ufipa mwaka 1880 alikuta wakulima watulivu, na akaandika hivyo. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika makala nzima, iliyotoka mwaka 1989, kuuliza jamii hii iliupataje utulivu wake. Katika maandishi ya kitaalamu, basi, Wafipa wanajulikana kwa amani, matuta ya kilimo na chuma. Sifa ya uchawi tumeikuza sisi wenyewe kwa Kiswahili.

Imekua kwa hatua. Ya kwanza ni sheria. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 iliweka chini ya neno moja kuroga, kutumia vifaa vya uchawi na kudai elimu au nguvu za siri. Pembe ya mwindaji na hirizi ya mama mjamzito zikaweza kutazamwa kwa jicho lile lile lililomtazama mlozi, na tofauti ya zamani kati ya dawa na ulozi ikafifia. Hatua ya pili ni vuguvugu la kung'oa uchawi lililoitwa mchape, lililotoka Nyasaland miaka ya 1930 na kupita Rhodesia ya Kaskazini hadi Ufipa, likarudi kwa jina la kamchape mwaka 1963 na 1964. Vijana walikwenda kijiji hadi kijiji, wakawanywesha watu dawa, na wenye pembe na vifuko wakavitoa mbele ya umma. Kutupa dawa sasa kukawa ni kukiri uchawi. Hatua ya tatu inaonekana kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam: karatasi yenye namba ya simu na maneno "Mganga kutoka Sumbawanga", ikiahidi mapenzi, kazi, nyota na kurudisha mali iliyoibwa. Hapo jina limepinduka kabisa. Amri ya kuacha dawa imekuwa tangazo la kuuza dawa.

Wapo watakaosema kwamba hakuna anayekataza jambo lisilokuwepo. Ni hoja nzuri, na jibu lake ni fupi. Ukuta ulioandikwa "Usitupe taka hapa" unathibitisha kwamba kuna aliyewahi kutupa, hauthibitishi kwamba mwenye nyumba ndiye mtupaji. Katazo linaonyesha hofu, na hofu hiyo haikuwa ya Wafipa peke yao. Mchape haungevuka nchi tatu kama kila nchi isingekuwa na watu waliouhofia uchawi. Wengine watasema waganga wapo kweli Sumbawanga. Wapo, kama walivyopo Tanga, Mwanza na Kigoma, na karatasi ya kwenye nguzo haimthibitishi aliyeibandika kuwa amewahi hata kuupanda mlima kwenda Ufipa. Anachouza ni jina, na jina hilo lina soko kwa sababu sisi tunaendelea kuuliza swali lile lile.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaisimu wenzangu: maana ya neno ni matumizi yake, na kama Watanzania mamilioni wanatumia Sumbawanga kumaanisha uchawi, basi hiyo ndiyo maana. Nakubali nusu. Matumizi mapya ni ya kweli, na mtunga kamusi ya misimu ayaandike. Lakini maana ya leo haiwezi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi juu ya jana. Bagamoyo inatufundisha hilo. Kwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyefika pwani na pembe ya ndovu begani, kubwaga moyo kulikuwa kupumzika. Baadaye kauli hiyo hiyo ikasomwa kama kilio cha mtumwa aliyekata tamaa. Sarufi inaruhusu zote mbili, na kinachoweza kuamua ni ushahidi wa nje: nani alipita, lini, akibeba nini. Kwa Sumbawanga ushahidi huo tumeuona, na hauelekei mji wa wachawi.

La kufanya ni machache. Ukisikia maana ya jina la mahali, uliza ni lugha gani, kama sarufi yake inaruhusu, na nani anasema. Mwalimu, watume wanafunzi kwa wazee wakaandike majina ya vijiji kwa Kifipa, si kwa kubahatisha Kiswahili. Mwandishi wa habari, toa neno "wachawi" kwenye kichwa cha habari cha ajali ya radi. Mgonjwa, nenda hospitali, na ukitaka tiba asili mdai mganga usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Wapiga ramli serikali iliwapiga marufuku mwaka 2015. Kamchape, au lambalamba, ambao bado wanazunguka mikoa ya magharibi, msiwachangie hata shilingi, kwa sababu kazi yao ni kumwonyesha kidole mzee wa jirani, na kidole hicho kimeshamwaga damu.

Jina la mji huu linasema tupa. Anayelitumia kuwapachika wenyeji uchawi amelikosea jina na amewakosea watu wake, na anapaswa kuacha.