Dawa ya Dukani na Dawa ya Daktari

Mwezi wa Oktoba mwaka 2008 maofisa wa mpakani wa Marekani walimsimamisha mtu mmoja aliyekuwa akitoka Meksiko, karibu na mji wa San Diego. Mtu huyo alikuwa José Canseco, mzaliwa wa Cuba, bingwa wa zamani wa besiboli, yaani mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Mwaka 1988 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Sasa alikutwa na dawa asiyoandikiwa na daktari, na mwezi uliofuata alikiri kosa lake mbele ya hakimu.

Je, ilikuwa dawa ya kutunisha misuli? Sivyo. Ilikuwa hCG, sindano ambayo waganga huitumia kuwasaidia watu wanaotafuta mtoto. Canseco alikuwa ametumia steroidi miaka mingi, kama alivyoandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 2005, na sasa alitaka mwili wake uanze tena kutengeneza homoni ya kiume.

Yafaa tujue jambo hili latokeaje. Katika mwili wa mwanamume, ubongo hutuma amri kwa korodani, nazo hutengeneza testosteroni na mbegu za uzazi. Steroidi za wanyanyua vyuma ni mfano wa testosteroni hiyo, ila huingizwa kutoka nje. Basi ubongo hufanya kama mpishi anayeona kila siku jirani analeta chakula tele: huzima moto wa jikoni. Korodani hunywea, mbegu hupungua, pengine hukoma kabisa. Siku kijana anapoacha sindano, jirani haleti tena chakula, na jikoni bado ni baridi. Ndipo huja uchovu, huzuni, kukosa hamu ya ndoa, na misuli kupungua.

DAWA ZA DUKANI

Hapo kijana hukimbilia makopo yanayouzwa waziwazi. Mengi yana unga wa mmea uitwao Tribulus. Msishangae: ni mbigili, ile ile inayowachoma watoto nyayo njiani! Wataalamu wameipima kwa wanaume wenye afya, wala hawakuona testosteroni kuongezeka. Madini ya zinki na vitamini D humfaa yule aliyepungukiwa navyo. Kwa mwingine havina kazi kubwa.

Tena kuna hatari iliyofichika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haimlazimishi mwenye kiwanda cha makopo kama hayo kuthibitisha kwanza mbele ya serikali kwamba yanafaa. Mwezi wa Julai mwaka 2009 idara ya serikali yao inayosimamia dawa iliwaonya watu juu ya bidhaa za kutunisha misuli zilizokuwa na steroidi ndani yake. Hivyo mtu aweza kununua dawa ya kuwasha moto, kumbe amenunua maji ya kuuzima.

DAWA ZA DAKTARI

Dawa za daktari zina nguvu ya kweli, lakini hazikutengenezwa kwa kazi hii. Klomifeni ni ya wanawake wasiopata mimba. Tamoksifeni ni ya saratani ya matiti. Zote mbili huweza kuuamsha ubongo utume amri tena. hCG huziamrisha korodani moja kwa moja, lakini yenyewe haiuamshi ubongo. Kila moja ina madhara yake: klomifeni yaweza kusumbua macho, na tamoksifeni yaweza kugandisha damu mishipani. Ndiyo sababu hazifai kununuliwa kwa siri wala kupimwa kwa kukisia.

Daktari hupima damu asubuhi, maana ndipo testosteroni huwa juu, kisha hurudia kupima. Mara nyingi dawa kubwa ni kuacha steroidi na kungoja. Wengi hurudia hali yao baada ya miezi kadhaa. Wengine hupita mwaka. Na wako wachache wasiorudi sawasawa, hasa waliotumia nyingi kwa muda mrefu.

Enyi wazazi, kijana wenu arudipo kutoka mjini na kifua kipana kilichoota kwa miezi michache, msimcheke wala msimfokee. Mwulizeni kwa upole anatumia nini. Akiwa ameacha sindano naye amejaa huzuni, msimwache peke yake, bali mpelekeni hospitali upesi. Nanyi vijana mliooa, mtoto akichelewa, msimlaumu mke kabla ya mume kupimwa. Mkifika kwa daktari, msione haya: mtajieni kila sindano na kila kidonge, na kama kopo lingalipo, lichukueni mkamwonyeshe.