Koki mpya, bomba la zamani: gharama iko kwenye kiungo

MKAZI wa Galula, wilayani Songwe, anapofunga safari ya Mbalizi au Mbeya mjini kununua koki ya bafuni, mara nyingi huangalia mambo mawili tu dukani: bei na mng'aro. Jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa, huwa ameliacha nyumbani ukutani. Nalo ni aina na kipimo cha bomba ambalo koki hiyo itaungwa.

Kwa mteja wa mjini kosa hilo ni dogo, kwani hurudi dukani siku hiyo hiyo na kubadilisha kifaa. Kwa mteja wa Galula, kosa hilo lina nauli ya kwenda na kurudi kwa barabara ya Mbalizi–Galula–Makongolosi, siku nzima ya kazi, na ujira wa fundi anayesubiri. Hivyo kiungo kidogo, ambacho bei yake haifikii ya koki, huweza kumgharimu mteja kuliko koki yenyewe.

Bomba ni la aina gani?

Koki nyingi za bafuni zilizopo sokoni zina uzi wa nusu inchi. Mabomba ndiyo yanayotofautiana.

Bomba la chuma la nusu inchi hukatwa uzi na kupokea koki kwa soketi ya kawaida. Hata hivyo, chuma cha miaka mingi huliwa na kutu, na uzi wake huweza kukatika spana inapokazwa. Fundi mzoefu huubadilisha kwanza ule mkono wa mwisho wa bomba, kisha ndipo hufunga koki.

Bomba la plastiki la kuchomea, maarufu kama PPR, hupimwa kwa milimita na halikatwi uzi. Lile la milimita 20 huhitaji kiungo chenye upande mmoja wa kuchomea na upande wa pili wenye uzi wa shaba wa nusu inchi. Mashine ya kuchomea hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 260 na hutumia umeme. Kwa hiyo umeme ukikatika, kazi nayo husimama.

Bomba jeusi la plastiki linaloviringishwa hutumia kiungo cha kukaza kwa mkono, na halihitaji moto.

Ushauri wa bure kwa mnunuzi ni huu: kata kipande cha bomba la zamani, au mpe fundi akuandikie kipimo, uende nacho dukani.

Mng'aro na nguvu ya maji

Koki ya kisasa ya kuchanganya maji ya moto na baridi huvutia macho, lakini nyingi zimetengenezwa kwa maji yenye msukumo mkubwa. Maji hupata msukumo wa takriban bar 1 kwa kila mita 10 za kimo. Simtanki lililowekwa juu ya mnara mita 3 juu ya koki hutoa bar 0.3 tu. Mwenye tangi la aina hiyo atapata mchirizi mwembamba, ingawa koki haina kasoro. Koki ya kawaida yenye kipira ndani humfaa zaidi. Kipira kikichakaa, hubadilishwa kimoja tu, na koki huendelea na kazi.

Hasara ya tone

Kiungo kibaya huanza kwa tone. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita 20 hivi kwa siku, yaani ndoo moja kamili. Kwa mfano, ndoo ikiwa shilingi 50, hasara ni shilingi 1,500 kwa mwezi na 18,250 kwa mwaka. Maji yanayovuja baada ya mita huhesabiwa kwa mteja, si kwa chombo kinachotoa huduma.

Kuzuia hasara hiyo ni kazi ya dakika chache. Funga koki kuu, kisha fungua koki ya chini kabisa maji yaishe bombani. Safisha uzi. Zungusha utepe mweupe wa kuzibia kufuata upande wa kukazia, mizunguko kadhaa. Kabla ya kufunga koki mpya, ruhusu maji kidogo yapite ili mchanga na kutu vitoke. Kaza kwa mkono, kisha malizia kwa spana bila kutumia nguvu nyingi, hasa pale uzi wa chuma unapoingia kwenye plastiki, kwani plastiki hupasuka.

Mwisho, funga koki zote za nyumba, soma mita, subiri saa moja, kisha usome tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panapovuja. Malipo ya mwisho ya fundi yasubiri kipimo hicho.

Nafasi kwa mwenye duka

Kwa mfanyabiashara wa vifaa, soko la vijijini lina somo. Anayeweka koki za aina kumi bila viungo vyake hupoteza wateja. Anayeuza koki pamoja na kiungo, utepe na vipira viwili vya akiba humwokolea mteja safari ya pili, na mteja wa namna hiyo hurudi. Naye mnunuzi adai risiti na kuangalia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kabla hajapanda gari.