Sheria ya Ulaya Juu ya Dawa za Mimea, na Jinsi Inavyofika Shambani Kwako



Watu wengi wanaofika ofisini kwetu huuliza swali moja kwa namna mbalimbali. "Dawa hii nimeinunua dukani kwa pesa zangu, nayo imeua wadudu kama nilivyoambiwa. Kwa nini basi mnunuzi akatae mishiri yangu?" Mama mmoja alikuja na katoni iliyorudishwa, akaitua juu ya meza yangu katikati ya mafaili, akasema haondoki mpaka aelezwe. Mimi ni karani, si bwana shamba, lakini nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi hii, na mwalimu akiulizwa swali hawezi kunyamaza. Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Leo nawaeleza ninyi kwa utaratibu zaidi.

Habari hii haianzii Kenya. Yaanzia Ulaya, ambako nchi 27 zimeungana na kutunga sheria nyingi kwa pamoja. Tarehe 21 Oktoba 2009 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mbili juu ya dawa za mimea. Ya kwanza yahusu dawa zipi ziruhusiwe kuuzwa. Ya pili yahusu namna ya kuzitumia, na hiyo ndiyo iliyoagiza ya kuwa dawa zitumiwe kwa kiasi ambacho hakitaharibu maji, udongo, nyuki wala afya ya watu kwa miaka ijayo.

Hapa wengi hukosea. Hudhani ya kuwa Wazungu wamekataza dawa. Hawakukataza. Mkulima wa Ulaya bado anayo stoo yake ya dawa, tena ana mashine ya kunyunyizia ambayo sisi hatuna. Lakini sharti awe na cheti cha kuonyesha ya kuwa amefundishwa kazi hiyo. Mashine yake hukaguliwa kila miaka mitatu, ili isivuje wala isimwage dawa zaidi upande mmoja. Kunyunyizia kwa ndege kumekatazwa, isipokuwa kwa ruhusa maalum. Ufaransa, upepo ukizidi kiasi kilichowekwa, mkulima haruhusiwi kunyunyizia hata kama wadudu wamejaa tele. Na kila mara anapotumia dawa lazima aandike jina lake, tarehe, kiasi alichotumia, sehemu ya shamba na zao lililokuwamo, na kuyaweka maandishi hayo kwa miaka mitatu. (Nikifikiri juu ya pampu zetu za mgongoni, ambazo baadhi yake huvuja mpaka shati la mtu likaloa dawa, naona ukaguzi wa namna hiyo ungetufaa sana.)

Lakini jambo kubwa zaidi katika sheria hiyo ni mpango wa kazi. Tangu tarehe 1 Januari 2014, kila mkulima wa Ulaya anayefanya kilimo cha biashara yampasa afuate mpango ambao dawa ya sumu huja mwisho. Kwanza azuie shida isije: abadilishe mazao, achague mbegu zinazostahimili ugonjwa, asafishe vyombo, asiue wadudu wanaomsaidia. Halafu atembee shambani na kuangalia. Akiona wadudu, ahesabu. Wakiwa wachache, hasara yao ni ndogo kuliko gharama ya dawa, basi awaache. Wakizidi, ajaribu njia isiyo ya sumu. Ikishindikana ndipo achukue dawa, tena ile inayomlenga mdudu huyo peke yake, kwa kiasi kile kinachohitajika tu.

Linganisheni na desturi yetu. Wengi wetu hunyunyizia kwa kalenda: Jumatatu hii, na Jumatatu ijayo, mdudu awepo asiwepo. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo katika kibustani changu cha sukuma wiki. Nilipiga dawa kila wiki, na kila wiki vidukari walirudi wengi kuliko kwanza, nami nikaongeza dawa. Bwana shamba mmoja alinionyesha sababu. Dawa niliyotumia iliua kila kitu, pamoja na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi na watoto wao, ambao kazi yao ni kula vidukari. Vidukari huzaana upesi sana. Adui zao huzaana polepole. Kwa hiyo baada ya kila dawa vidukari walirudi kwanza, wakakuta shamba halina mlinzi. Tena wale waliosalia ni wale ambao dawa haikuwaweza, na watoto wao wakawa vivyo hivyo. Nilikuwa ninanunua dawa ili kufuga wadudu!

Je, sheria hiyo ya Ulaya ilifaulu? Tuseme kweli: kwa sehemu tu. Mwaka 2020 wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya walitoa ripoti, wakasema maendeleo ya kupunguza hatari za dawa yalikuwa machache, na kipimo cha kuyapima kilikuwa dhaifu. Kwa miaka mingi baada ya 2011 dawa zilizouzwa katika nchi hizo zilikaa karibu na tani 350,000 kwa mwaka. Ufaransa ilikuwa na mpango wake uitwao Ecophyto, ulioanza mwaka 2008, wenye shabaha ya kupunguza dawa kwa nusu ifikapo 2018. Mwaka 2018 ukafika, nusu haikuonekana. Tarehe ikasogezwa hadi 2025, kisha 2030.

Mwezi wa Mei 2020 wakubwa wa Umoja wakatangaza shabaha kwa nchi zote: matumizi na hatari za dawa zipunguzwe kwa nusu ifikapo 2030. Juni 2022 wakaleta mswada wa kuifanya shabaha hiyo iwe amri. Wakulima wakalalamika. Walisema, mnatunyang'anya dawa na hamtupi badala yake, na mazao ya nchi nyingine zisizo na masharti haya mnayaacha yaingie sokoni kwetu. Tarehe 22 Novemba 2023 Bunge la Ulaya liliukataa mswada kwa kura 299 dhidi ya 207. Miezi miwili baadaye wakulima walijaza barabara za Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji kwa matrekta, wakidai habari za kodi ya dizeli, bei na masharti mengi. Tarehe 6 Februari 2024 mkuu wa Tume ya Ulaya, Bibi Ursula von der Leyen, akatangaza ya kuwa mswada utaondolewa. Ile sheria ya mwaka 2009 ndiyo inayoendelea.

Nimelieleza shauri hili ili mjue ya kuwa mkulima wa huko naye ana malalamiko kama yenu. Naye huogopa kupoteza zao lake.

Sasa niwaambie habari ya mahali ambapo mambo yalibadilika upesi, wala si kwa amri ya bunge. Kusini mwa Hispania kuna wilaya iitwayo Almería, nchi kavu, ambako mashamba yamefunikwa kwa plastiki hekta kwa maelfu. Wakulima wake wengi ni wenye mashamba madogo ya jamaa, nao hulima pilipili hoho, nyanya na matango kwa masoko ya Ujerumani na Uingereza. Adui yao mkubwa alikuwa thripsi, mdudu mwembamba anayejificha ndani ya ua la pilipili na kuleta ugonjwa wa virusi. Walimpiga dawa mara nyingi sana, naye akazizoea. Mwishoni mwa mwaka 2006 wapimaji wa Ujerumani walikuta katika pilipili hizo dawa moja isiyoruhusiwa Hispania. Habari ikaenea magazetini na wenye maduka wakatishia kuacha kununua.

Wakulima hao walikuwa wamefika ukutani. Dawa haiui tena, na anayeitumia hapati mnunuzi. Ndipo wakageukia jambo ambalo mabwana shamba wao walikuwa wamelihubiri kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Waliwaachia ndani ya mashamba kunguni mdogo anayekaa katika maua na kula thripsi, na utitiri mdogo mno unaokula watoto wa thripsi na mayai ya nzi weupe. Sharti lilikuwa moja tu: kuacha dawa kali zinazowaua walinzi hao. Katika misimu michache karibu mashamba yote ya pilipili ya Almería yalikuwa yakifanya hivyo. Na hii ilikuwa kabla ya ile sheria ya 2009 kuanza kufanya kazi. Kwa maoni yangu, katoni iliyorudishwa ilifundisha kuliko karatasi za serikali, ingawa mimi ni mtu wa karatasi na yaniuma kusema hivyo.

Hapo ndipo tunarudi kwenye katoni ya yule mama. Ulaya ina sheria nyingine, ya mwaka 2005, iliyoweka kikomo cha mabaki ya dawa katika chakula. Kila dawa na kila zao lina kikomo chake. Ikiwa dawa haikuwekewa kikomo maalum, hutumika kikomo cha jumla: sehemu moja ya mia ya miligramu katika kilo moja. Hesabuni hivi. Chukueni malori kumi, kila moja limebeba tani kumi za mishiri. Dawa inayoruhusiwa katika mzigo huo wote ni gramu moja, yaani kidogo kuliko robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Dawa ikinyimwa ruhusa Ulaya, mara nyingi kikomo chake nacho hushushwa mpaka hapo. Kwa hiyo dawa iliyokuwa sawa mwaka juzi yaweza kukukataza soko mwaka huu, na chupa dukani haijabadilika hata rangi.

Jambo hili lilitupata. Tangu Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliamuru ya kuwa katika kila mizigo kumi ya maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya, mmoja upimwe huko bandarini kabla ya kuingia. Sababu ilikuwa mabaki ya dawa, na iliyosemwa sana ni dimethoeti. Kupima kuna gharama na kunachelewesha, na mishiri haingoji. Wenye kampuni za kusafirisha walipata hasara, wengine wakaacha kununua kwa wakulima wadogo, kwa sababu hawakuweza kujua nani alitia nini shambani. Mkulima aliyekuwa amefuata maagizo yote alipoteza soko pamoja na jirani yake.

Mtaniuliza: ikiwa dawa ni mbaya kwa Wazungu, kwa nini wanatuuzia? Swali hilo ni la haki. Mwaka 2018 viwanda vya Ulaya viliandikisha kupeleka nchi za nje zaidi ya tani 81,000 za dawa zenye sumu ambazo hazikuruhusiwa katika mashamba yao wenyewe. Ufaransa iliweka sheria ya kuzuia biashara hiyo kuanzia 2022. Sioni namna ya kuitetea biashara ya kumwuzia mwenzako kitu unachokikataza nyumbani, kisha kumrudishia mazao yake kwa sababu ya kitu hichohicho. Kwetu, Halmashauri ya kusimamia dawa za mimea ilitangaza mwaka 2025 ya kuwa imeziondoa sokoni bidhaa 77 na kuziwekea masharti nyingine 202.

Lakini msingojee soko la nje tu ndipo mjihadhari. Mankozebu, ambayo wengi wenu hutumia kuzuia baridi ya viazi, ilinyimwa ruhusa Ulaya mwaka 2020 kwa sababu ya hatari yake kwa uzazi na kwa homoni za mwili. Viazi vyetu haviendi Ulaya. Huliwa Nakuru na Nairobi, na kwanza kabisa katika jiko la nyumbani kwako. Na anayechanganya dawa bila glavu ni wewe au mtoto wako.

Basi yule mama na mimi tuliketi tukatafuta kosa lake. Dawa aliyotumia iliruhusiwa kwa mishiri. Kiasi kilikuwa sawa. Lakini maandishi ya chupa yalisema angoje siku saba kabla ya kuchuma, na mishiri huchumwa karibu kila siku. Alikuwa amepiga dawa Alhamisi na kuchuma Jumamosi, kwa kuwa gari la mnunuzi huja Jumamosi. Hakuna aliyemwambia achague dawa yenye siku chache za kungoja wakati wa kuchuma, au apige dawa nzito kabla maua hayajatoka. Maandishi yale ni madogo mno, hata mimi nilitumia miwani.

Nilimpa daftari la shule, nikamchorea mistari: tarehe, jina la dawa, kiasi, sehemu ya shamba, siku za kungoja, tarehe ya kuchuma. Nikaongeza nafasi moja mwanzoni, ya kuandika wadudu aliowaona kabla ya kufungua chupa. Baada ya majuma matatu alirudi kunionyesha. Kulikuwa na mistari minane. Katika mitano kati ya hiyo, pale pa jina la dawa, alikuwa ameandika "hapana". Kurasa za nyuma amezitumia kwa hesabu ya vibarua.